Kujirekebishia kazi

Kujirekebishia kazi ni tendo la mwajiriwa kubadili, kwa hiari yake na bila ya kungoja amri, sehemu ya kazi aliyopewa ili imfae zaidi. Anaweza kubadili shughuli anazozifanya, watu anaoshirikiana nao, au namna anavyoielewa kazi yenyewe. Cheo, mshahara na mkataba hubaki kama vilivyo. Kinachobadilika ni yale yanayofanyika kila siku. Karani wa masjala anayebuni njia yake ya kupanga majalada anajirekebishia kazi, na vivyo hivyo muuguzi anayejitwika jukumu la kuwafundisha wauguzi wapya, au mlinzi wa skuli anayejifunza majina ya watoto wote.

Jambo hili ni tofauti na kujiajiri. Ni tofauti pia na kupangiwa majukumu mapya na mkuu wa kazi, kwa kuwa hapo uamuzi hutoka juu. Wala si utoro au uvivu, ingawa mpaka baina yake na hayo hauko wazi kila mara. Wataalamu wa saikolojia ya kazi wanalichunguza kwa sababu limeonekana kuhusiana na ustawi wa wafanyakazi, yaani hamasa yao, uchovu wao na hata afya yao ya mwili.

Chimbuko la dhana

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu wa uongozi waliiona kazi kuwa kitu kinachobuniwa na mkubwa na kutekelezwa na mdogo. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alitaka kila tendo la mfanyakazi lipimwe kwa saa na litafutiwe njia moja iliyo bora, na njia hiyo ichaguliwe na wasimamizi. Katika miaka ya 1970 Richard Hackman na Greg Oldham walionyesha kwamba kazi yenye uhuru, shughuli za aina mbalimbali na matokeo yanayoonekana humpa mtu ari zaidi. Hata hivyo, hao nao walikuwa wakizungumza na wakubwa: mwenye kuibadili kazi alikuwa bado ni meneja.

Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walichapisha makala iliyougeuza mtazamo huo. Moja ya mifano yao ilikuwa wafanya usafi wa hospitali moja nchini Marekani. Wote walikuwa na kazi ile ile kwenye karatasi, lakini waliizungumzia kwa namna mbili tofauti kabisa. Kundi moja lilisema kazi yao ni kufagia na kupiga deki, haihitaji ujuzi, na waliwakwepa watu kadiri walivyoweza. Kundi la pili walijiona kuwa ni sehemu ya tiba. Walizungumza na wagonjwa, waliwaelekeza wageni waliopotea, na walipanga saa za kusafisha zisigongane na kazi za wauguzi. Mmoja wao alikuwa akibadilisha picha za ukutani katika vyumba vya wagonjwa waliopoteza fahamu, kwa matumaini kwamba mabadiliko hayo huenda yakawasaidia kwa njia fulani. Hakuna mkuu aliyemwagiza, na hakulipwa zaidi.

Baadaye watafiti wa Uholanzi, hasa Maria Tims na Arnold Bakker, waliifanya dhana hiyo iweze kupimika. Mwaka 2012, pamoja na Daantje Derks, walitoa dodoso la maswali 21 linalomuuliza mfanyakazi kama hutafuta kujifunza mambo mapya, kama huomba ushauri kwa wenzake na wakubwa, kama hujitafutia changamoto, na kama hupunguza mambo yanayomlemea. Dodoso hilo limetumika katika nchi nyingi.

Namna zake

Namna tatu zilizotajwa na Wrzesniewski na Dutton zinaonekana vizuri katika duka la kawaida. Mlandege ni mtaa wa upande wa Ng'ambo, mjini Unguja, mwendo mfupi kutoka Darajani, unaojulikana kwa maduka yake. Chukulia muuzaji katika duka la vitambaa. Tajiri, kama mwenye duka anavyoitwa, amemwajiri auze, akunje na afunge mlango saa ya sala. Mapatano yao ni ya mdomo.

Namna ya kwanza ni kubadili shughuli. Muuzaji huyo anaanza kumpimia mteja hesabu ya mapazia: dirisha upana huu, marinda haya, wari ngapi. Mteja anaondoka na kipimo sahihi, na muuzaji anapata kazi inayotumia akili badala ya kukunja tu. Ya pili ni kubadili mahusiano. Anajuana na mafundi cherehani wa jirani, anawapelekea wateja, nao wanampelekea wake. Anawatumia picha za mzigo mpya wateja walioko Pemba. Ya tatu ni kubadili mtazamo, nayo haionekani kwa macho. Huyo aliyekuwa akijiita "kijana wa dukani" anaanza kujiona kuwa ni mtu anayewasaidia watu kuipamba nyumba ya harusi au kuvaa vizuri siku ya Idi. Kitambaa ni kile kile.

Namna hizi mara nyingi huandamana. Ya tatu ikiwa peke yake ina hatari ya kuwa maneno matupu: mtu anaweza kuambiwa aipende kazi yake ilhali halipwi. Waswahili husema kazi mbi si mchezo mwema, lakini methali hiyo inamfariji mwenye kazi mbaya bila ya kumwambia namna ya kuitengeneza.

Mifano katika historia ya Zanzibar na pwani

Jina la kitaalamu ni la juzi, lakini jambo lenyewe lina historia ndefu katika visiwa hivi, na historia hiyo haikuanza na waajiriwa huru. Katika karne ya 19 watumwa wengi wa mjini Unguja walikodishwa na mabwana zao kufanya kazi za kutwa kwa wafanyabiashara, na ujira uligawanywa baina ya mtumwa na bwana. Waliitwa vibarua, kutokana na kijibarua au cheti kilichotumika katika kazi hizo. Neno hilo limebaki katika Kiswahili hadi leo kwa maana ya kazi ya kutwa na mtu anayeifanya. Kazi ya kibarua ilikuwa ngumu, lakini ilimpa mtumwa nafasi ambayo yule wa shamba hakuwa nayo, kwani aliweza kutembea mjini, kujuana na watu na kubakiwa na fedha mkononi.

Baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, serikali ya ulinzi ya Waingereza ilitaka mashamba ya karafuu yaendelee kama zamani kwa kazi ya mshahara. Waliokuwa watumwa hawakukubali kirahisi. Mwanahistoria Frederick Cooper ameeleza kwa urefu jinsi walivyoibadili kazi hiyo hatua kwa hatua. Wengi walibaki kwenye mashamba wakiwa wakaazi. Walilima mihogo na mazao mengine ya chakula baina ya mikarafuu, na kwa kufanya hivyo waliiweka ardhi safi bila ya magugu. Kazi ya kuchuma ikalipwa kwa pishi, si kwa siku, kwa hiyo mchumaji aliamua mwenyewe aanze saa ngapi na aache lini. Wakati wa mavuno watu wa Ng'ambo nao walitoka mjini kwenda mashamba, kisha wakarudi. Wenye mashamba na maofisa walililalamikia jambo hilo na kuliita uvivu. Kwa mtu ambaye jana alikuwa akipangiwa kila saa ya siku yake, kumiliki saa zake ndiko kulikokuwa uhuru wenyewe.

Katika bandari ya Mombasa mvutano kama huo ulidumu hadi katikati ya karne ya 20. Vibarua wa gatini walichagua siku za kwenda kazini na siku za kushughulikia mashamba au biashara zao. Baada ya migomo, ule mkubwa ukiwa wa Januari 1947, serikali ya kikoloni ilitaka nguvu kazi ndogo inayofika kila siku na kusimamiwa kwa karibu, na kibarua asiyefikisha siku za kutosha katika mwezi aliondolewa kwenye daftari. Zanzibar yenyewe iliona mgomo mkuu ulioanza kwa wafanyakazi wa bandarini mwezi Agosti 1948 na kuenea mjini mwezi Septemba. Mgomo huo unafaa kukumbukwa hapa kwa sababu unaonyesha kikomo cha kujirekebishia kazi. Mpakuzi wa mizigo anaweza kubadili mwendo wake na watu wa kundi lake, lakini hawezi peke yake kubadili ujira usiotosha chakula. Hilo linahitaji watu wengi kusema kwa pamoja.

Wakulima wa mwani

Mfano wa karibu zaidi ni wa wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti na ushawishi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kimekuwa kazi ya watu zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake. Hao si waajiriwa kwa maana kamili ya sheria. Hata hivyo, kwa muda mrefu wengi wao walipewa kamba na mbegu na makampuni yanayonunua, wakawauzia hayo hayo kwa bei waliyopangiwa, kwa hiyo uhusiano wao na mnunuzi ulifanana sana na ule wa mwajiriwa na tajiri.

Kazi yenyewe inafuata maji. Wakati wa bamvua bahari hukupwa mbali, na wanawake huingia kupigilia vigingi, kufunga vipande vya mwani kwenye kamba na kuvuna. Maji yakiwa mafu kazi husimama, na siku hizo ni za nyumba, arusi na shughuli nyingine. Wakulima wengi wameutaja mpangilio huu kuwa sababu ya kuipenda kazi hii, kwani mwanamke anafanya saa zake, pamoja na wenzake, na fedha ni yake.

Lakini mwili unalipa gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Sara Fröcklin na wenzake, ambao miongoni mwao walikuwamo Narriman Jiddawi na Flower Msuya, uliwakuta wakulima wa mwani wakiiona afya yao kuwa mbaya kuliko ilivyoonwa na wanawake wengine wa vijiji hivyo. Walilalamikia uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, njaa wakiwa kazini, macho, kifua, na majeraha ya makombe na wanyama wa baharini. Mapato yalikuwa madogo mno. Juu ya hayo, maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa katika maeneo mengi, ikabaki spinosamu yenye bei ya chini.

Hapo ndipo wanawake hao walipoanza kuibadili kazi. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kilijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Paje nako kuna kituo kinachotengeneza sabuni na mafuta ya mwili. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo kwa bei ndogo, ilhali sabuni inayotokana na kiasi kidogo tu cha mwani huo huuzwa kwa watalii kwa bei inayoipita ile ya kilo nzima. Dk. Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari ambaye tangu mwaka 2006 ameratibu mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, aliwahimiza pia kujaribu nyavu za mirija katika maji ya kina ambako kotonii huweza kuishi. Njia hiyo inahitaji ngalawa na ujuzi wa kuogelea, na wanawake wengi wa vijijini hawakufundishwa kuogelea. Kuibadili kazi, basi, kulitaka kwanza kubadili desturi. Si kila kikundi kiliweza, na wapo walioacha mwani kabisa wakaenda kuuza chakula au kufanya kazi mahotelini.

Athari kwa ustawi

Sababu ya kutarajia faida ilijulikana kabla ya mwaka 2001. Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za Marekani na Sweden, alionyesha kwamba kinachoumiza si wingi wa kazi peke yake, bali wingi wa kazi pamoja na kukosa sauti juu ya kazi hiyo. Uchunguzi wa watumishi wa serikali mjini London ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha watu 10,308 ulikuta kwamba wenye uamuzi mdogo juu ya kazi zao walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Matokeo haya yaliwashangaza waliodhani kuwa maradhi ya moyo ni ya wakubwa wenye mawazo mengi. Tarishi alikuwa katika hatari kubwa kuliko katibu mkuu.

Tafiti juu ya kujirekebishia kazi kwa ujumla zimekuta kwamba wanaojiongezea elimu, msaada wa wenzao na changamoto huwa na hamasa zaidi, huridhika zaidi na husifiwa zaidi na wakubwa wao. Kupunguza mzigo peke yake hakukuonyesha faida hiyo. Mara nyingi kumekwenda pamoja na hamasa ndogo, labda kwa kuwa anayekata kazi ni yule aliyekwisha choka. Jambo hili ni la kuangaliwa, kwa sababu ushauri wa kawaida kwa mtu aliyechoka ni kwamba apunguze.

Tafiti nyingi kati ya hizo ni za kujaza dodoso, na mtu huyo huyo ndiye anayeulizwa juu ya kazi yake na furaha yake. Kwa hiyo ni vigumu kujua kama kujirekebishia kazi ndiko kulikomletea furaha, au furaha ndiyo iliyompa nguvu za kujirekebishia.

Uzito wa suala lenyewe haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kupindukia utokanao na kazi katika orodha yake ya kimataifa ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, likiueleza kuwa ni hali ya kazini na si ugonjwa. Mwaka 2022 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kutokana na sonona na wasiwasi.

Katika ualimu

Mwalimu ana silabasi, ratiba na mkaguzi, hata hivyo akishafunga mlango wa darasa ana nafasi pana kuliko wafanyakazi wengi. Katika skuli za Zanzibar ambazo bado zina mikondo miwili, mmoja asubuhi na mmoja mchana, na madarasa yaliyojaa, nafasi hiyo hutumika kwa njia ndogo ndogo: mwalimu wa jiografia huwatoa wanafunzi nje kuangalia kupwa na kujaa kwa maji, wa Kiswahili huwapa wenye sauti nzuri kazi ya kuongoza kusoma, wawili hupatana, huyu asahihishe insha za madarasa yote mawili na yule asahihishe sarufi. Wengine hujipatia chama cha wanafunzi, mashindano au maktaba, na hilo ndilo linalowarudisha skuli kila asubuhi.

Mkuu wa skuli ana nafasi kubwa katika hili. Akidai andalio la somo liwe na maneno yale yale kwa kila mwalimu, atapata karatasi nzuri. Akiacha nafasi bila ya kuangalia, wapo watakaoijaza kwa twisheni za kulipisha wanafunzi wale wale wanaowafundisha asubuhi. Hiyo pia ni kujirekebishia kazi, na ni mtoto asiye na fedha anayeigharamia.

Mipaka na lawama

Justin Berg, Wrzesniewski na Dutton walichapisha mwaka 2010 uchunguzi uliokuwa na jambo lisilotarajiwa. Wafanyakazi wa ngazi ya juu, wenye uhuru mwingi, ndio waliosema kuwa wamebanwa na matarajio yao wenyewe juu ya namna ya kutumia muda wao. Wa ngazi ya chini walibanwa na matarajio ya wengine, lakini waliitafuta nafasi kwa kujenga imani kwa wakubwa na wenzao kwanza. Muuzaji wa Mlandege hatabadili mpangilio wa duka siku ya kwanza. Atangoja tajiri aone kuwa hesabu hazipungui.

Lawama kubwa zaidi ni kwamba dhana hii inaweza kumhamishia mfanyakazi mzigo wa mwajiri. Mhudumu wa hoteli ya kitalii anayejifunza Kitaliano kwa fedha yake na kuwapambia wageni kitanda kwa maua ameipa kazi yake ladha. Msimu unaofuata mapambo hayo yanakuwa sharti kwa wahudumu wote, na mshahara ni ule ule. Mabadiliko ya mmoja huweza pia kumwangukia mwenzake, kwani kazi anayoiacha mtu mara nyingi inabaki pale pale ikingoja mtu mwingine aifanye, na kwa kawaida huyo ni mgeni au mdogo kuliko wote.

Sheria haitaji kujirekebishia kazi, lakini inagusa mazingira yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maandishi yenye, pamoja na mengine, maelezo ya kazi yake. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005. Mapatano ya mdomo ya madukani yana uhuru mwingi kwa pande zote mbili. Muuzaji anaweza kuongeza, kupunguza na kubuni apendavyo, na tajiri naye anaweza kumtuma nyumbani kwake kubeba maji, na hakuna karatasi ya kuonyesha kuwa hiyo haikuwa kazi yake.